Swala mwisho wa kiangazi: maswali ninayoulizwa kila mwaka kuhusu nyayo, mavi na mahali pa kuvizia

Kila mwaka maembe yakianza kujaa Buguruni, simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni wakazi wa Dar es Salaam kama mimi. Wengine wana leseni ya uwindaji mkononi, wengine wana kamera tu, na wote wana siku tatu au nne za kukaa porini kabla vuli haijakolea. Swali lao ni lile lile: nikae wapi? Nimeyaweka hapa maswali yanayorudi mara nyingi. Majibu nimeyapata kwa babu yangu mzaa mama, aliyekuwa msasi upande wa Rufiji, na mengine nimeyalipia mwenyewe kwa jasho.

Mbona mwisho wa kiangazi alama zimejaa kila mahali, lakini wanyama siwaoni?

Kwa sababu hakuna kinachozifuta. Masika yakiisha, ardhi inakauka na nyayo zilizopigwa kwenye tope la mwezi wa tano zinabaki zimeganda kama tofali. Mavi nayo yanakauka, yanapauka, yanabaki palepale. Kufikia mwezi wa kumi unatembea juu ya kumbukumbu za miezi mitano zilizolundikana, na ukizihesabu zote kwa pamoja utadhani pori zima limesimama hapo.

Mimi nilidanganyika hivyo nikiwa kijana. Niliona njia ya swala pala imechimbika kama mfereji, kwato juu ya kwato, nikakaa juu ya kichuguu kando yake siku tatu. Hakuja hata mmoja. Babu alipokuja kunifuata aliiangalia ile njia kwa muda mfupi tu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hawa walipita, au wamepita?"

Nikamjibu, "Si ni kitu kimoja, babu?"

"Siyo. *Walipita* ni wa juzi na majuzi. *Wamepita* ni wa leo. Na wewe hata hao huwahitaji. Wewe unamtaka yule ambaye *hupita*."

Mpaka leo sina njia bora ya kulieleza jambo hili. Alama ya *walipita* inakupa historia ya pori. Alama ya *wamepita* inakupa habari za asubuhi hii. Lakini mahali pa kukaa panachaguliwa kwa alama ya *hupita*, na hiyo haionekani kwenye unyayo mmoja wala kwenye lundo moja la mavi. Inaonekana kwa tabaka. Mengi ya yafuatayo ni namna ya kulisoma hilo tabaka.

Tabaka ndiyo nini hasa?

Piga magoti. Swali hili halijibiwi ukiwa umesimama.

Tuseme umefika chini ya mgunga, kuna mavi ya swala pala. Swala pala wana kawaida ya kurudi kunya mahali palepale, kwa hiyo utakuta eneo lenye upana wa mkeka limejaa punje. Zitenganishe kwa kijiti. Utaona za kijivu, nyepesi, ukizibonyeza zinavunjika kuwa unga wa majani makavu: hizo ni *walipita*. Utaona za kahawia, ngumu, zenye nyufa ndogo. Halafu tafuta nyeusi, zinazong'aa, ambazo ukizipasua ndani ni za kijani na zina unyevu. Ukizipata zote tatu mahali pamoja, za zamani, za wiki hii na za leo, hapo wanyama *hupita*. Wana desturi na mahali hapo, na mwenye desturi hurudi.

Ukipata nyeusi peke yake bila za zamani, kundi lilikatiza tu. Limeshakwenda zake. Ukipata za kijivu peke yake, hata kama ni debe zima, inuka uondoke.

Nitajuaje kuwa mavi ni ya leo? Jua linachanganya.

Linachanganya kweli, na wengi wanakosea hapa. Mwaka mmoja nilifanya jaribio nyumbani Gongo la Mboto. Niliomba mavi mabichi ya mbuzi kwa jirani, nikayagawa mafungu matatu: moja nikaliweka juani kabisa, la pili chini ya mwembe, la tatu kwenye nyasi zinazopata umande. Kila baada ya saa chache nilikuwa napasua punje mbili tatu.

Fungu la juani lilianza kupoteza mng'ao kabla ya adhuhuri. Kwa nje lingemdanganya mtu kuwa ni la jana, lakini ndani bado lilikuwa bichi. La kivulini liling'aa mpaka jioni. La kwenye umande ndilo lililonishangaza: asubuhi ya pili liling'aa tena, kana kwamba limetoka sasa hivi, na ndani lilikuwa limeshaanza kukauka.

Kwa hiyo usiamini ngozi, pasua. Na kabla ya kutoa hukumu angalia lilipo: juani au kivulini. Angalia pia wadudu. Nzi na mbawakawa wanaoviringisha mavi hukimbilia yaliyo mabichi, hawana haja na yaliyokauka. Mchwa nao huja baadaye, wakijenga vijia vyao vya udongo juu ya punje kavu. Ukiona udongo wa mchwa umeshafunika lundo, usipoteze muda.

Na unyayo, naupimaje umri?

Unyayo mbichi una kingo kali. Upepo na jua vinazila zile kingo pole pole, chembe za mchanga zinaporomokea ndani, na majani makavu yanaangukia humo. Jiulize nini kimetokea juu ya unyayo tangu upigwe. Mdudu aliyetambaa usiku ameacha mstari wake ukikatiza ndani ya alama ya kwato? Basi swala alipita kabla ya mdudu. Umande umeacha vidoa vidogo kwenye vumbi lililozunguka, lakini ndani ya unyayo hakuna? Basi umepigwa baada ya umande, yaani asubuhi hii.

Somea asubuhi au jioni, jua likiwa chini, na simama upande ambao unyayo uko kati yako na jua. Kivuli kinajaa ndani ya alama na kila ukingo unajitokeza. Saa sita mchana unyayo uleule unaweza kuuvuka bila kuuona.

Kuhusu nani ni nani: swala pala ana kwato mbili nyembamba zilizochongoka mbele. Pofu anaacha unyayo mpana, wa mviringo, unaofanana na wa ng'ombe. Ngiri kwato zake ni butu, na mara nyingi karibu yake utaona alama za magoti, kwa sababu ngiri hula akiwa amepiga magoti. Kwato zikiwa zimetanuka na mchanga umerushwa nyuma, mnyama alikuwa anakimbia, na mahali alipokimbia si mahali pa kumsubiri.

Wanakula nini wakati huu, na chakula kinaniambia nini?

Hapa ndipo penye utajiri wote, na watu wanapapita haraka kwa sababu wanaangalia chini tu.

Swala pala hula nyasi zikiwa mbichi. Zikikauka hugeukia majani, maua na matunda ya miti. Kwa hiyo mwezi wa kumi na wa kumi na moja usimtafute kwenye uwanda mkavu wa nyasi ndefu za rangi ya mkate. Mtafute chini ya miti inayoangusha kitu. Migunga inamwaga maganda yake. Mwegea unaangusha maua makubwa mekundu ya damu ya mzee, na maua hayo huanguka usiku kisha asubuhi wanyama huja kuyaokota. Mbuyu nao huchanua karibu na mvua, na ua lake jeupe hudondoka likiwa bado na unyevu.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini: chini ya mwegea, tafuta maua yaliyoliwa nusu na yale mazima ya jana yaliyonyauka. Kama maua ya jana yapo mazima, hakuna anayekuja. Kama hamna hata moja la jana na ya leo yamebaki mawili tu, una mgeni wa kila siku. Mti wa namna hiyo ni mezani kwa watu.

Nyani ni wasaidizi wakubwa. Wakiwa juu ya mti wanakula ovyo, wanadondosha zaidi ya wanachomeza, na swala pala wanajua. Ukisikia nyani wametulia wanakula, sogea polepole uangalie chini yao. Lakini kumbuka pia kwamba nyani akikuona atapiga kelele, na hapo umeshapoteza wote wawili.

Angalia vijiti vilivyong'atwa. Swala, kama mbuzi, hana meno ya mbele ya juu. Anashika na kuchana, kwa hiyo ncha ya kijiti inabaki na nyuzi nyuzi. Sungura hukata kama kisu, kwa mshazari, safi. Mti ulio mweupe kwenye jeraha ni wa karibuni, uliogeuka kahawia ni wa zamani. Na kimo cha jeraha kinakupa kimo cha mlaji: usawa wa goti ni mnyama mdogo, usawa wa kifua ni swala pala, juu ya kichwa chako ni tandala au twiga.

Halafu kuna mahali palipoungua. Nyasi zikichomwa, baada ya siku chache chipukizi za kijani hutoka kwenye majivu, hata bila mvua, na wala nyasi kama konzi, palahala na tohe huzifuata. Kwenye miombo, miti yenyewe hutoa majani mapya kabla mvua haijafika, mekundu kama shaba. Ukiona bonde lenye wekundu huo katikati ya pori la kijivu, nenda ukapige magoti hapo.

Si bora nikae tu kwenye maji? Wote watakuja kunywa.

Hili ndilo jibu la kwanza la kila mgeni, na ninalipinga.

Kwanza, si wote watakuja. Kuro haendi mbali na maji, kweli. Swala pala majani yakikauka naye anahitaji kunywa mara kwa mara. Lakini digidigi anaweza kuishi kwa unyevu wa majani anayokula, na pofu anatembea mbali sana. Pili, mnyama anapofika majini yuko macho kuliko mahali popote, kwa sababu anajua simba na mamba wanajua. Tatu, ukiwatisha pale, unawanyima maji katika mwezi mgumu kuliko yote, na hilo si jambo la kumfanyia kiumbe. Leseni nayo ina masharti yake kuhusu kuwinda karibu na maji. Yasome kabla hujaondoka mjini.

Maji yatumie kama kituo cha kusomea. Nenda adhuhuri, zunguka ukingo mara moja, hesabu njia zinazoingia, kisha chagua ile yenye tabaka na uifuate kurudi nyuma, kuelekea walikotoka. Mahali pa kukaa pako huko nyuma, kati ya maji na malalo.

Malalo yanaonekanaje?

Kwa swala pala, ni kivuli kilichofagiliwa: majani makavu yamesukumwa pembeni, vumbi limelainika, kuna punje za mavi na pengine nywele fupi nyekundu. Mchana wa joto kali kundi hulala hapo likicheua. Pongo ni tofauti. Yeye hujificha kwenye vichaka vizito karibu na mto, peke yake, na malalo yake utayaona kama yai lililobonyea kwenye majani, ukibahatika.

Usiingie ndani ya malalo. Ukishaingia, umewafukuza nyumbani. Simama pembeni, ona inatosha, rudi nyuma kwa njia uliyojia.

Upepo nao una umuhimu kiasi gani?

Kuliko alama zote. Unaweza kusoma tabaka vizuri kabisa halafu harufu yako ikawafikia kabla yako.

Beba majivu laini kwenye kifuko cha kitambaa chepesi. Ukikitikisa, yanatoka kama moshi na unaona hewa inakwenda wapi. Watu wa mjini wanategemea kulowesha kidole. Kidole kinakuambia upepo ulipo, majivu yanakuonyesha unakokwenda, hata ukigeuka nyuma ya kichuguu. Kumbuka pia kuwa alfajiri hewa ya baridi hushuka kuelekea bondeni, na jua likishapasha ardhi hewa huanza kupanda. Mahali palipo pazuri saa kumi na mbili asubuhi panaweza kuwa pabaya saa tatu. Mimi huwa nachagua sehemu mbili, ya asubuhi na ya jioni, kwenye njia ileile.

Nimesoma mafunzo ya Wamarekani kuhusu kulungu wao. Yanafaa huku?

Nusu yake. Kulungu wa kule ana pembe zinazoanguka kila mwaka na kuota upya, na madume husugua miti na kuparua ardhi wakati wa kutafuta majike, karibu mwezi wa kumi na moja. Wawindaji wa kule hutumia sana alama hizo. Mwisho wa msimu wao ni baridi na theluji, wanyama hukaribia chakula ili wasipoteze nguvu, na theluji huwafutia nyayo za zamani na kuwaandikia mpya.

Pembe za swala wetu hazianguki. Baridi yetu ni ukavu, na badala ya theluji tuna vumbi linalotunza kila kitu. Lakini lile wazo lao la kukaa kati ya malalo na malisho, bila kuyagusa yote mawili, ni sahihi hapa kama kule. Hata kusugua kupo kwetu: tandala na pofu madume hupigapiga vichaka kwa pembe. Na digidigi, ukifika nyika kavu za bara, huacha kitu cheusi kinachonata kama lami kwenye ncha ya kijiti, kinatoka kwenye tezi iliyo mbele ya jicho lake. Ukikigusa kikashika kidole, mwenyewe hayuko mbali.

Mvua ikinyesha nikiwa nimeshafika?

Shukuru, kisha wahi. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza ubao umefutwa. Kila unyayo utakaouona ni wa usiku uleule au wa sasa, na hata mtoto anaweza kuusoma. Lakini neema hiyo haidumu. Mvua zikirudia mara mbili tatu, madimbwi yanajaa kila mahali, nyasi zinachipua, na wanyama waliokuwa wamebanwa kwenye maji machache wanatawanyika. Tabaka ulilolisoma kwa siku mbili linakuwa *walipita*.

Nakaa mjini. Nitafanya mazoezi wapi?

Mbuzi. Kwato zake na mavi yake viko karibu mno na vya swala. Tembea jioni wanakochungwa, fuata mmoja kwa nyayo zake, ukipotea angalia alipo na ujiulize ulikosea wapi. Mnada wa Pugu una kwato za ng'ombe na mbuzi za kila umri kwenye vumbi. Mchanga wa Kigamboni maji yakipwa ni darasa la kingo: piga unyayo wako, rudi baada ya saa moja, mbili, tatu.

Naruhusiwa kuwinda wapi?

Kwa leseni tu, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mahali na mnyama vilivyoandikwa humo. Ndani ya hifadhi za taifa kama Mikumi, Saadani au Nyerere, iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019, huwindi. Huko unakwenda na kamera. Mambo ya mapori ya akiba waulize TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Twiga haguswi. Ukikuta mtego wa waya kwenye njia ya swala, weka alama mahali hapo na uwaambie askari wanyamapori siku hiyohiyo. Waya hauchagui jike mwenye mimba wala ndama, na mwezi wa kumi na moja majike wengi wa swala pala wamekaribia kuzaa.

Ni alama gani inaniambia niondoke?

Mavi ya nyati yaliyo bado laini karibu na kichaka kizito. Mavi ya tembo yenye joto. Unyayo mkubwa wa mviringo usio na kucha juu ya unyayo wako mwenyewe wa asubuhi. Usitembee bila askari mwenye silaha, na akikuambia tugeuke, geuka bila kuuliza. Utauliza mkifika garini. Vaa nguo za rangi ya majani makavu pia, maana bluu na nyeusi huwavuta mbung'o.

Nina siku tatu tu. Nianzeje?

Siku ya kwanza usikae popote. Adhuhuri zunguka maji, chagua njia moja yenye tabaka, ifuate kurudi nyuma mpaka uone kivuli kilichofagiliwa kwa mbali. Njiani tafuta mti unaoangusha maua au maganda. Futa kwa tawi nyayo zote kwenye kipande kifupi cha njia karibu na mti huo, upana wa hatua tatu, ardhi ibaki laini. Tikisa majivu, kumbuka upepo, ondoka.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, rudi uangalie kile kipande ulichokifagia. Kama kina kwato zinazokwenda upande mmoja na nyingine zinazorudi, kaa hapo jioni, hatua hamsini pembeni, majivu yakielekea kwako kutoka njiani. Kama ni kisafi, nenda mti wa pili. Siku ya tatu utakuwa na jibu, na safari ya kurudi kupitia Kibiti na Mkuranga mpaka Mbagala utaianza kabla ya giza.